Kipupwe cha Kasokola na paka anayelala nje

Juni ikishika, Kasokola, huku Mpanda, huwa imekwisha kuvuna. Mahindi yapo uani yakisubiri kupukuchuliwa, mpunga umeingia maguniani, na usiku mbingu haina wingu hata moja. Usiku wa namna hiyo ndio wenye baridi. Ardhi iliyopigwa na jua mchana kutwa huliachia joto lake lipande juu, na pasipo wingu la kulizuia, ikifika saa kumi na moja alfajiri kipimajoto huwa kimeteremka hadi nyuzi kumi na kitu. Watu waliokuwa wakifuta jasho saa nane mchana sasa wanatafuta sweta.

Mtu wa Makete au wa Kitulo, anakoamka na kukuta sakitu juu ya nyasi, anaweza kusema hiyo si baridi. Kwa binadamu mwenye blanketi, ni kweli. Kwa paka hesabu ni nyingine. Mwili wake hukaa kwenye nyuzi 38 hadi 39, na ili apumzike bila kuchoma nguvu za ziada kujipasha moto, anahitaji mahali penye nyuzi 30 hadi 38. Hiyo ni asili yake. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka-mwitu wa Mashariki ya Karibu, nchi za ukame na jua kali. Ndugu zake wa karibu, akina kimburu, bado wanaishi porini katika Afrika Mashariki, na baridi ikiwazidi hujificha shimoni au kichakani. Wa kwetu tumemzoesha kuitegemea nyumba, kisha jioni tunafunga mlango yeye akiwa nje.

Paka mzima mwenye afya hafi Kasokola kwa baridi yenyewe. Anaumia huko anakokwenda kutafuta joto, na huko ndiko ningependa kila mwenye paka akuangalie mwezi huu.

Kwanza ni jikoni. Jiko la mafiga likishazimwa, majivu hubaki na joto hadi usiku wa manane, na chini yake mara nyingi kuna makaa yasiyokufa. Paka hujilaza hapo hapo. Ukimwona na manyoya yaliyobabuka ubavuni au masharubu yaliyokunjamana, ujue alikolala. Kufunika mafiga kwa karai kuukuu kila jioni kunatosha. Lakini asitokee mtu wa kumhurumia akamwashia jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa: hewa ya sumu ya mkaa haina harufu, na inaua paka na wenye nyumba pamoja.

Kisha kuna marundo ya mabua. Hapa naomba msomaji atulie nami kidogo, maana watu wengi hawapafikirii kabisa. Kasokola ipo karibu nyuzi sita kusini mwa ikweta, urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima, na kwa hiyo paka wetu huzaa wakati wowote, kipupwe kikiwamo. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban miezi miwili, hutafuta mahali pakavu, pa giza, pasipopitiwa na upepo. Shambani baada ya mavuno mahali hapo ni rundo la mabua ya mahindi. Na mabua ndiyo tunayoyachoma tunapoanza kusafisha shamba. Mama anaweza kuchomoka moto unaposhika; watoto ambao hata macho hawajafungua hawawezi. Kabla ya kuwasha kiberiti, sogeza rundo zima kwa jembe au mti, usikilize, kisha uwashe upande mmoja tu. Ni kazi ya dakika chache, nayo inaokoa pia kanga na kobe wanaojificha humo humo.

Magari nayo yana hatari yake. Lori au trekta lililozimwa jioni huwa na injini ya moto, na paka mdogo hupanda kwa chini hadi juu ya injini. Dereva apige boneti mara mbili tatu kabla ya kuwasha.

Dawa ya haya yote ni kumpa kitanda cha joto nyumbani. Chukua dumu la lita 20 lililokuwa na mafuta ya kula (lililowahi kubeba dawa ya shambani usiliguse kabisa), lioshe, ulilaze ubavu, ukate mlango wa upana wa kiganja kilichonyooshwa. Mlango mpana huvujisha joto lote. Ndani jaza majani makavu ya mpunga, ambayo Mpanda hayanunuliwi. Majani yanafaa kuliko nguo kuukuu kwa sababu nguo hunyonya unyevu na kubaki baridi, na majani huacha hewa kavu katikati, ambayo paka huipasha moto kwa mwili wake. Liinue juu ya matofali mawili, maana ardhi hunyonya joto, na uliweke chini ya upenu. Msimu huu upepo hutoka kusini-mashariki, ule ambao watu wa pwani wanauita kusi, kwa hiyo mlango wa dumu uelekee magharibi. Kila wiki mbili toa majani, yachome, weka mengine, usije ukafuga viroboto. Kwa jike mwenye watoto dumu ni dogo; mpe sanduku la mbao kwa utaratibu huo huo.

Watoto wa paka wana shida ya pekee. Wiki za mwanzo hawawezi kujitunzia joto. Wanalipata kwa mama na kwa kulundikana wao kwa wao. Ukimkuta mmoja amepoa, mdomo wake baridi, hanyonyi, usimlazimishe maziwa. Tumbo lililopoa halisagi chakula, na maziwa yanaweza kumpalia. Mpashe moto kwanza, taratibu, kwa chupa ya maji ya vuguvugu iliyofungwa kitambaa, ndipo umrudishe kwa mama.

Kuna imani moja ningependa iachwe, kwamba paka akishiba hawindi. Paka huwinda hata akiwa ameshiba. Anaweza kuacha chakula akamfuata panya. Mwenye njaa, tena penye baridi inayomla nguvu, ndiye anayehama kwenda kuzurura. Mlishe jioni na atalala karibu na ghala lako. Ugali mtupu haumtoshi: mwili wa paka hauwezi kutengeneza taurini ya kutosha, kirutubishi kinachopatikana kwenye nyama na samaki, na akiikosa muda mrefu macho na moyo huharibika. Mkoa wenye Ziwa Tanganyika mpakani mwake, wenye dagaa na migebuka, hauna sababu ya kumnyima paka kichwa cha samaki.

Anayezurura hukutana na mambo mawili. La kwanza ni sumu ya panya. Baada ya mavuno panya shamba hufuata nafaka majumbani, watu wanatega sumu, na panya aliyekula sumu hupungua mwendo, hivyo ndiye anayekamatwa kwanza. Ukitega sumu, mwambie jirani, na mizoga uizike. La pili ni mawe. Paka, hasa mweusi, akionekana usiku kwenye upenu usio wake, hushukiwa kuwa ametumwa na mchawi. Mnyama huyo alifuata joto la ukuta. Kumpiga ni ukatili, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008.

Wapo watakaougua hata hivyo: chafya, macho yenye tongo, kukataa kula. Usimpe Panadol. Kidonge kimoja cha paracetamol kinaweza kumuua, kwa kuwa ini lake haliwezi kuivunja. Wala usimpake dawa ya kuogeshea ng'ombe ukidhani ni viroboto wanaomdhoofisha. Nyingi zina permethrini au dawa za jamii yake, na hizo humletea paka degedege. Mfute macho kwa maji ya vuguvugu, mpe mchuzi wa samaki usio na chumvi wala kitunguu, mlaze kwenye majani makavu, na asipokula kwa siku nzima mpeleke kwa afisa mifugo wa kata. Ukiwa huko ulizia pia chanjo ya kichaa cha mbwa, kwa sababu paka naye huambukizwa na huambukiza.