Antivairasi Inapomfungia Mlango Mwenye Kompyuta

Juni inapokaribia kuisha, saiba za Migori na Homa Bay hujaa watu. Tarehe 30 ndiyo siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani za kodi kwa KRA, na hakuna anayetaka kuambiwa mashine imegoma. Kuna mgomo mmoja unaowachanganya wengi: jana antivairasi mpya imewekwa, leo nywila inaandikwa, kiduara kinazunguka weee, kisha skrini inabaki nyeusi.

Dawa inayokimbiliwa ni kufomati na kupiga Windows upya. Kwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Rongo mwenye tasnifu ndani ya mashine, au katibu wa chama aliyehifadhi hesabu za michango, hiyo ni hasara ya bure kabisa. Kwa kawaida faili zake zipo salama. Kilichokwama ni programu moja tu.

Antivairasi hujichimbia ndani ya Windows, huamka kabla ya mtumiaji kuingia na kukagua kila faili inayofunguliwa, kwa hiyo kosa lake huumiza mahali nyeti. Septemba 2006, antivairasi ya kampuni ya CA iliidhania lsass.exe kuwa kirusi kwenye seva za Windows 2003. Hiyo ndiyo faili inayothibitisha nywila. Aprili 2019, masasisho ya Microsoft yaligongana na Avast, Sophos na nyinginezo, na kompyuta nyingi za Windows 7 zikaganda wakati wa kuwaka au kuingia. Kisha 19 Julai 2024, sasisho bovu la programu ya usalama ya CrowdStrike likaangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa makadirio ya Microsoft.

Madukani mwetu chanzo huwa kidogo zaidi. Kompyuta ya mtumba huja na antivairasi ya mmiliki wa kwanza, iliyokwisha muda. Mnunuzi anaongeza nyingine, na mbili hizo zinang'ang'ania faili zilezile. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, Defender, antivairasi ya Microsoft yenyewe, imo ndani tayari, nayo hujiweka kando antivairasi nyingine ikiingia. Kuongeza ya tatu ni kujitafutia balaa.

Fundi makini huanza kwa kutazama skrini inasema nini. Ikidai nywila si sahihi, antivairasi haihusiki sana. Akague Caps Lock na mpangilio wa kibodi. Nywila ikikubaliwa kisha mashine ikaganda, hapo shaka ina msingi.

Kwenye skrini ya kuingilia hushikilia Shift huku akibofya Restart, halafu hupitia Troubleshoot, Advanced options na Startup Settings, na mashine ikijiwasha tena hubonyeza 4. Hiyo ndiyo Safe Mode: Windows huwaka na vitu vya lazima tu, na antivairasi nyingi hubaki zimelala. Baadhi hukataa kuondolewa humo kwa njia ya kawaida, ndiyo maana Avast, Kaspersky na ESET hutoa vifaa vyao vya kuzing'olea, vinavyoweza kupakuliwa kwenye kompyuta nyingine na kuletwa kwa flashi. Mashine ikiomba ufunguo wa BitLocker, kinga ya Windows inayofunga diski, wenye tarakimu 48, mara nyingi mwenyewe ataupata kwa simu, ndani ya akaunti yake ya Microsoft.

Lawama nyingine huiangukia antivairasi bila hatia. Windows inafunguka vizuri, lakini tovuti za iTax na eCitizen zinakataa, kivinjari kikidai muunganisho si salama. Kabla ya kung'oa chochote, fundi atazame tarehe pembeni mwa skrini. Kompyuta ya mezani iliyozeeka, batri ya saa yake ikifa, hupoteza tarehe kila stima inapokatika, na vyeti vya usalama vya tovuti huonekana kana kwamba bado havijaanza kutumika. Tarehe hurekebishwa papo hapo. Batri yenyewe kwa kawaida ni CR2032, ya ukubwa wa sarafu, na hubadilishwa kwa kufungua kasha.