Kupanda Hadi Maporomoko ya Sanje

Mto Sanje huporomoka kutoka Milima ya Udzungwa, mkoani Morogoro, kwa hatua tatu zenye jumla ya mita 170 hivi. Maporomoko hayo yamo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Udzungwa, iliyoanzishwa mwaka 1992 na yenye ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Hifadhi hii hutembelewa kwa miguu. Kilele chake kirefu zaidi, Luhombero, kina mita 2,576 na huhitaji safari ya siku kadhaa. Sanje hupandwa na kurudiwa kwa muda wa saa nne hivi.

Mgeni hufika kwa barabara ya Mikumi hadi Ifakara, akivuka Mto Ruaha Mkuu pale Kidatu. Kiingilio hulipwa kwenye ofisi za hifadhi, Mang'ula, na huko ndiko hupatikana mwongozaji. Msituni wamo tembo na nyati, kwa hiyo haifai kupanda bila mtu anayeijua njia.

Upande huu wa mashariki wa milima hupokea pepo zenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi, na msitu umeshikana kutoka mita 250 hivi hadi zaidi ya mita 2,000. Mvua inyeshapo, matone hudakwa na matawi, hushuka taratibu kwenye mashina, kisha hufyonzwa na majani yaliyooza. Udongo huyaachia maji hayo kidogo kidogo, na ndiyo yanayoulisha mto baada ya masika kupita. Majani hayohayo hupekuliwa na ngolaga, nyani wa rangi ya kijivu ambao hutafuta mbegu na wadudu ardhini. Wanasayansi waliwatambua mwaka 1979, na hawaishi kwingine duniani isipokuwa Udzungwa. Juu mitini huruka mbega wekundu, nao ni wa milima hii na misitu ya jirani tu.

Njia hupanda kwa kukata kona, miguu ikikanyaga mizizi na mawe. Juu, miti huachana na bonde la Kilombero hutandazika chini: mashamba ya miwa, vijiji, na ukanda inamopita reli ya TAZARA. Hapo mtazamaji huona kwa mara moja msitu unaotunza maji na watu wanaoyategemea. Maji ya mteremko huu huishia Mto Rufiji, ambao huzungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere kabla ya kuingia baharini.

Majira yanayofaa ni Juni hadi Oktoba, njia inapokuwa kavu. Wakati wa masika maporomoko hufurika na kupendeza zaidi, lakini udongo huteleza. Viatu viwe na soli zenye meno, na maji ya kunywa yabebwe ya kutosha. Karibu na ukingo, miamba iliyolowa huwa na ukoga, hivyo mandhari hutazamwa kutoka mahali anapoelekeza mwongozaji.