Kazi ya kundi darasa la Kimombo: mmoja anaandika, watano wanapiga soga

Wadau, leo tuongelee kipindi cha Kiingereza. Mtoto wa Somanda, pale Bariadi mkoani Simiyu, nyumbani anaongea Kisukuma, shule ya msingi ya serikali kasoma kwa Kiswahili, halafu akiingia kidato cha kwanza anakutana na Fizikia na Jiografia zote kwa Kimombo. Mtihani wa kidato cha nne nao haumhurumii: ukitoa masomo machache kama Kiswahili, maswali yanakuja kwa lugha hiyo hiyo. Akikaa kimya kipindi cha Kiingereza anapoteza karibu kila kitu.

Na anakaa kimya kweli. Kisukuma hakina "r", basi denti akisimama kusoma "rice" inatoka "lice", yaani wali umegeuka chawa. Darasa zima kicheko! Kesho hanyooshi mkono tena.

Walimu wengi wanasema dawa ni makundi. Sawa, lakini kuwakalisha sita sita siyo kuwafundisha kushirikiana. Anayejua anaandika, waliobaki wanabishana Simba na Yanga, mwisho majina yote yanapangwa juu ya karatasi.

Mwaka 1971 huko Austin, Texas, shule zilikuwa ndiyo kwanza zimechanganya watoto weupe, weusi na wenye asili ya Meksiko, na walikuwa hawapatani kabisa. Mwanasaikolojia Elliot Aronson na wanafunzi wake wakaja na njia rahisi: somo linakatwa vipande, kila mtoto kwenye kundi anapewa kimoja. Asipokieleza, wenzake hawakipati kokote. Yule waliyekuwa wanamcheka sasa wanamhitaji.

Tujaribu na pamba, maana Simiyu ndiyo kwenyewe. Mwalimu anaandika habari fupi ya Kiingereza na kuikata nne: kupanda, wadudu, kuvuna, kuuza. Darasa lina watoto 80 na fotokopi hakuna? Karatasi 16 za mkono zinatosha, kila kipande karatasi nne. Watoto watano wanazunguka karatasi moja, wanainakili, wanaulizana maana, wanasahihishana matamshi. Hapa waacheni waulizane hata kwa Kisukuma, jamani. Ile tabia ya kumvisha mtoto kibao shingoni kwa sababu kateleza lugha, mimi naona inazidisha ububu tu. Wakishaelewa, wanatawanyika kwenye makundi mapya ya wanne, kila mmoja na kipande chake, na sasa ni Kimombo tupu, daftari limefungwa. Ukimcheka wa wadudu akanyamaza, swali la wadudu limekupita.

Alama ndiyo penye utata. Mkipewa zote sawa, wavivu wanapanda lifti. Bora kila mtu ajibu peke yake, halafu alama za wanne zijumlishwe na makundi yashindane. Kwa Wasukuma hilo siyo geni: Bagika na Bagalu wanashindana kwa ngoma miaka na miaka, na mchezaji mmoja akivuruga, aibu ni ya kundi lote, ndiyo maana wanafundishana.

Wiki ya kwanza kutakuwa na kelele na vipindi vitaliwa. Yule mwoga apewe kipande kifupi kuliko vyote, asianze na kile kigumu.

Haya, maticha na madenti wa Bariadi, huko kwenu makundi yanakwendaje?