Mninga wa Ng'ambo Mbili za Ruvuma

Mteja akija karakana yangu Keko, Dar es Salaam, kuulizia mlango wa mninga, kwanza namwonyesha kichwa cha ubao: kiini cha kahawia chenye mistari iliyokoza, na ukingo mweupe ambao fundi mwaminifu huukata akautupa. Yeye anauliza bei. Mimi nauliza umetoka wapi, maana mti huuhuu unaota Tunduru na Liwale, unaota pia Niassa na Cabo Delgado, ng'ambo ya mto Ruvuma, nchini Msumbiji. Msitu ni mmoja, lakini Tanzania na Msumbiji zimeuza mbao zake kwa njia mbili tofauti.

Sisi tulifunga mlango mapema. Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, malori yaliyokuwa yakisubiri kivuko Rufiji yakawa yanapita moja kwa moja, na magogo ya kusini yakamiminika Dar es Salaam. Mwaka 2004 serikali ikapiga marufuku kusafirisha magogo nje. Atakayeuza, apasue kwanza. Miaka mitatu baadaye shirika la TRAFFIC, linalofuatilia biashara ya wanyama na mimea pori, likatoa ripoti nene iliyolinganisha vitabu vya forodha: China ilikuwa imeandika mazao ya misitu kutoka Tanzania mara kumi ya yale yaliyoandikwa hapa kwetu. Mara kumi! Karani aliyesinzia hafikishi tofauti hiyo.

Msumbiji ilikwenda taratibu. Miti iliyopangwa na serikali daraja la kwanza ndiyo iliyotakiwa kupasuliwa kabla ya kusafirishwa, mingine ikaendelea kutoka ikiwa magogo, hadi marufuku kamili ilipoanza Januari 2017. Nako vitabu vilikuwa vikigombana. Shirika la EIA la London, linalochunguza uhalifu wa mazingira, lilipopekua takwimu za mwaka 2012, lilikuta karibu nusu ya shehena iliyopokelewa China kutoka Msumbiji haikuwa na maelezo halali ya ilivyotoka.

Hapa msomaji awe macho. Mita moja ya ujazo ya gogo si mita moja ya mbao. Gogo likipita kwenye msumeno, nusu yake au zaidi huishia kuwa mabanzi na vumbi. Kwa hiyo nchi iliyoacha magogo ikauza mbao itaonekana kwenye jedwali imepunguza biashara, wakati huko porini shoka halijapumzika hata siku moja. Tena kuna ujanja wa kuchonga gogo pande nne na kuliandika mbao. Kwangu mimi hilo ni gogo lililovuliwa gome tu. Mkataji amekwepa marufuku na seremala wa hapa hajapata hata kibarua cha kupiga randa.

Kilichonipa moyo ni wilaya ya Kilwa, kusini mwa Tanzania. Sheria ya Misitu ya 2002 iliruhusu kijiji kumiliki na kusimamia msitu wake, na mwaka 2009 misitu ya vijiji huko ikapata cheti cha FSC cha usimamizi mzuri wa misitu, cha kwanza Afrika kwa msitu wa asili unaosimamiwa na wanakijiji. Kijiji kinahesabu miti, kinapanga ikatwe mingapi, kinapokea fedha yake.

Lakini hapa kwangu, ubao wenye karatasi zilizokamilika na alama ya nyundo ya maofisa misitu kichwani bei yake imesimama. Wateja wengi wakiisikia huondoka na paina ya Mafinga, wakanunue na rangi ya kahawia.