Mtoto Anayeiga Anafikiri

Barabara inayoteremka kutoka Kibumba hadi mji wa Goma, mashariki mwa Kongo, hupitisha chukudu zilizosheheni makaa, viazi na kabichi. Chombo hicho cha mbao, chenye magurudumu mawili yaliyovishwa mpira wa matairi makuukuu, hulisha kaya nyingi, na mji umekijengea sanamu yenye rangi ya dhahabu. Pembeni mwa barabara watoto hujitengenezea chukudu ndogo za kuchezea. Hupiga goti moja ubaoni na kusukuma ardhi kwa mguu wa pili, kama wafanyavyo wakubwa. Wengi huuona mchezo huo kuwa uigaji usio na fikra, tena darasani anayeiga huadhibiwa. Dharau hiyo haina msingi. Mtoto anayeiga huwa ameanza kuisoma nia ya mwenzake.

Mwaka 1995, mwanasaikolojia Andrew Meltzoff aliwaonyesha watoto wa miezi 18 mtu mzima aliyejaribu kutenganisha kifaa akashindwa. Watoto hawakurudia kushindwa kwake; walikamilisha alichokusudia. Mienendo ileile ilipofanywa na mashine, hawakuona kusudi lolote la kutimiza. Mwaka 2002, György Gergely na wenzake waliwaonyesha watoto wa miezi 14 mtu akiwasha taa kwa paji la uso. Pale mikono yake ilipokuwa huru, asilimia 69 ya watoto walitumia paji la uso. Ilipokuwa imeshika blanketi, ni asilimia 21 tu waliofanya hivyo. Wengine walitumia mikono, kana kwamba wametambua kuwa mtu yule hakuwa na njia nyingine.

Yapo mapingamizi mazito. Madai ya mwaka 1977 kwamba hata kichanga wa wiki mbili tatu huiga anayemtolea ulimi yalitiwa shaka na uchunguzi mkubwa wa mwaka 2016. Lakini kama hatuzaliwi na uwezo wa kuiga, basi uwezo huo hukua mikononi mwa walezi, na wajibu wetu unazidi. Pingamizi la pili limetoka jirani, kisiwa cha Ngamba nchini Uganda. Mwaka 2005, Victoria Horner na Andrew Whiten walieleza jinsi sokwe wa huko walivyoacha hatua zisizo na faida walizoonyeshwa mara walipoweza kuona ndani ya sanduku lenye chakula, ilhali watoto wa miaka mitatu na minne huko Uskoti waliziiga zote. Je, sokwe ana akili zaidi? Hapana. Kazi za binadamu zimejaa hatua ambazo sababu yake haionekani kwa mgeni: pembe ya usukani wa chukudu, uchaguzi wa mti, namna ya kufunga mzigo. Anayefupisha mapema hupoteza ujuzi uliokusanywa na vizazi. Anayemwamini fundi huupokea wote, kisha huupunguza akishaelewa.

Pingamizi la tatu linauma zaidi. Goma, iliyotekwa na waasi wa M23 Januari 2025, imewaonyesha watoto bunduki pia, na mwanasaikolojia Albert Bandura alithibitisha mwaka 1961 kwamba watoto huiga ukali wa watu wazima. Ni kweli, ila dawa yake si kuwakataza kuiga, maana hawawezi kuacha. Dawa ni kuwapa kazi njema ya kutazama na kugusa. Vichanga wa miezi mitatu waliovishwa glavu za kunasa vitu walianza kuelewa lengo la mkono wa mtu mwingine baada ya kushika wenyewe. Vivyo hivyo, ubongo wa mcheza dansi huitika zaidi anapotazama mitindo ambayo mwili wake umeifanya. Kwa mtoto na mtu mzima, mkono uliotenda hulifundisha jicho. Kwa hiyo fundi wa Goma anayemruhusu mtoto ashike randa, na mwalimu anayefanya kazi mbele ya wanafunzi badala ya kuieleza tu, wanatoa elimu kamili, nao wanastahili kuheshimiwa hivyo.