Mikopo ya Akina Mama: Kweli au Si Kweli?

Kwenye daladala, sokoni au kwenye kikao cha VICOBA, maneno haya lazima umeyasikia. Tuyapime.

"Mwanamke maskini hana dhamana, hakopesheki." Si kweli. Mwaka 1976 mhadhiri wa uchumi, Muhammad Yunus, alitoa mfukoni mwake dola 27 akawakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra, Bangladesh. Wakalipa. Hapo ndipo ilipoanzia Benki ya Grameen, ambayo zaidi ya asilimia 90 ya wakopaji wake ni wanawake, tena wasiodaiwa hati ya nyumba wala kiwanja.

"Kopa, umaskini utauaga." Si kweli, na wanaowaambia akina mama hivyo wanawakosea. Tafiti sita zilizochapishwa mwaka 2015, kuanzia Ethiopia na Moroko hadi India na Mongolia, zilikuta biashara kadhaa zimepanuka, lakini kipato cha kaya kwa jumla hakikupanda sana.

"Mkopo wa mke huishia kwa mume." Mara nyingi ni kweli, ila sababu siyo ile inayosemwa vijiweni, kwamba mwanamke hajui biashara. Watafiti waliopitia takwimu za India, Sri Lanka na Ghana waligundua kwamba mama mwenye biashara pekee nyumbani hupata faida sawa na mwanamume. Mume naye akiwa na biashara, mtaji huhamia huko.

Uganda wakajaribu dawa. Shirika la BRAC na mtafiti Emma Riley waliwashirikisha wanawake wapatao 3,000. Baadhi walipewa mkopo wao taslimu kama kawaida, wengine wakaingiziwa kwenye akaunti ya simu ya kwao wenyewe. Baada ya miezi minane, faida ya hao wa simu ilikuwa juu kwa asilimia 15. Noti zikionekana nyumbani, ada, msiba na shemeji wote wanazitaka. Kwangu mimi, utafiti huu ndio ushahidi mzito kuliko wote.

"Marejesho yakianza mapema, mama anapata nidhamu." Nusu kweli. Kolkata, India, waliopewa miezi miwili badala ya wiki mbili kabla ya rejesho la kwanza waliwekeza zaidi, na miaka mitatu baadaye faida yao ilikuwa kubwa. Walioshindwa kulipa nao waliongezeka.

"Kukopa harusi, kulipa matanga." Kweli tupu. Wazee walilisema kabla ya wakopeshaji wa kausha damu kuingia mitaani na kubeba majiko na makochi ya watu.

"Hakuna mkopo usio na riba." Si kweli. Tanzania, sheria inaitaka halmashauri itenge asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Hutozwi riba. Sajilini kikundi, kisha mwoneni afisa maendeleo ya jamii wa kata yenu.