Mumeo Ana Ngiri? Foleni ya Upasuaji Inaanzia Chumbani!

Tumezoea kuilaumu hospitali tarehe ya upasuaji inapochelewa. Lakini kuna foleni nyingine ndefu zaidi, ambayo hakuna nesi anayeiandika kwenye daftari. Iko nyumbani kwako, labda hata kitandani kwako!

Chukua nyumba moja ya mfano pale Ngulyati, wilayani Bariadi, mkoa wa Simiyu. Mwenye nyumba tumwite Baba Kulwa. Huu ni mwaka wa tatu ana uvimbe kinenani. Akilala unarudi ndani, akibeba gunia la pamba unatoka kama yai. Mkewe hajaambiwa kitu, ila macho anayo. Bwana siku hizi anaoga gizani, analala amempa mgongo, na akiguswa tu anasingizia uchovu. Mama Kulwa keshaanza kuwaza mbali: huko mnadani kuna nini?

Siku moja anajikaza, anauliza.

"Baba Kulwa, kwani una tatizo gani? Twende basi hospitali."

"Mama Kulwa, tuuze pamba kwanza."

Pamba inauzwa, hela inaishia kwenye ada na mabati, mvua za Novemba zinakuta mtu yuleyule na uvimbe uleule. Mpenzi msomaji, nyumba hii ni ya mfano, lakini hebu jiulize kama huijui.

Ngiri haishonwi kwa mizizi

Ngiri ya kinena hutokea pale ukuta wa tumbo unapokuwa dhaifu, utumbo au mafuta ya tumboni yakasukumwa kupitia upenyo huo. Kubeba mizigo mizito, kukohoa sana na kujikamua chooni huzidisha tatizo. Wauza dawa wa mtaani watakuambia wana mzizi wa kuiyeyusha. Sasa jamani, upenyo kwenye ukuta utazibwaje kwa kunywa kikombe cha dawa? Kwa mtu mzima tiba yake ni upasuaji, basi.

Na hatari ipo. Siku utumbo ukinasa kwenye ule upenyo, damu inakatika. Uvimbe unakuwa mgumu, haurudi ndani, maumivu makali, kutapika. Hapo hakuna cha kusubiri tarehe wala bei ya pamba, ni kukimbizwa hospitali saa hiyohiyo.

Halafu usidhani Baba Kulwa yuko peke yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013 ulikadiria kuwa Watanzania wazima zaidi ya 680,000 walikuwa na ngiri ya kinena inayowasumbua. Watafiti wakaonya kuwa kwa kasi ya upasuaji ya wakati ule, katika miaka 10 ngiri zinazosubiri kushonwa zingekaribia milioni 1. Wengi wao hawakuwa kwenye orodha ya hospitali yoyote. Walikuwa majumbani, wanaoga gizani.

Hata wenzetu wenye pesa wana foleni. England mwaka 2023 orodha ya wanaosubiri matibabu ya kupangiwa ilipita milioni 7. Tofauti ni kwamba wao wanaijua, kwa sababu kila mtu ameandikwa. Foleni usiyoijua utaipunguzaje?

Kwa nini tarehe inasogezwa?

Haya, tuseme Baba Kulwa kakubali, kapewa tarehe. Kafika asubuhi, anaambiwa arudi wiki ijayo. Wengi hapo tunasema moja kwa moja: wanataka chochote hao! Rushwa ni kosa, na ukiombwa katoe taarifa. Lakini mara nyingi sababu ni nyingine kabisa.

Hospitali yenye chumba kimoja cha upasuaji hufanya kazi kwa kuangalia nani atakufa kwanza. Akiletwa mama ambaye uchungu umekwama, Baba Kulwa anasogezwa, na ndivyo inavyotakiwa. Ajali ya bodaboda ikifuata, anasogezwa tena. Daktari mpasuaji naye hawezi kuanza bila mtaalamu wa dawa ya usingizi, na akiwa ni mmoja tu, akiugua siku hiyo kila kitu kinasimama.

Ndiyo maana njia mojawapo ya kupunguza foleni ya ngiri ni kumsogezea mjamzito huduma. Kuanzia mwaka 2017 Serikali ilikarabati mamia ya vituo vya afya nchini, vingi vikajengewa vyumba vya upasuaji ili akina mama wapasuliwe karibu na kwao. Mama mmoja akijifungua salama kwa upasuaji kwenye kituo cha kata, kule hospitali ya wilaya nafasi ya mwingine inabaki pale pale. Faida mara mbili!

Njia ya pili ni kutumia mikono iliyopo. Tanzania kwa miaka mingi iliwafundisha madaktari wasaidizi kupasua, si kutibu malaria tu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kuhusu hospitali za Mwanza na Kigoma ulionyesha kuwa wao ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji mkubwa wa uzazi.

Njia ya tatu ni daktari kumfuata mgonjwa. Si jambo geni: AMREF ilianzishwa mwaka 1957 kwa wazo la kuwapeleka madaktari kwa ndege hadi hospitali za vijijini Afrika Mashariki. Mwaka 2024 Wizara ya Afya ilituma timu za madaktari bingwa katika halmashauri zote 184 nchini, wakipiga kambi ya siku kadhaa na kufanya upasuaji hapohapo. Mkiisikia kambi imetangazwa redioni au kwenye mkutano wa kijiji, msipuuze.

Na vifaa je? Nchini Uganda, utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwashonea wagonjwa wa ngiri wavu wa bei ya chini, uliotokana na kitambaa cha aina ya chandarua kilichosafishwa kitaalamu kikaua vijidudu vyote. Matokeo hayakutofautiana sana na wavu wa bei mbaya. (Sio chandarua cha kitandani kwako, tafadhali!)

Nauli nayo ni ugonjwa

Zamani Bariadi ilikuwa mkoa wa Shinyanga, na rufaa ya mkoa ilikuwa hukohuko. Tangu Simiyu iwe mkoa mwaka 2012, hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bariadi. Ikishindikana hapo ni Bugando, Mwanza, kupitia Lamadi na Magu. Kwa mwenye gari ni safari ya kawaida. Kwa mkulima ni nauli ya watu wawili, chakula cha wiki, na ng'ombe wa kuachiwa mtu.

CCBRT ya Dar es Salaam iliugundua ugonjwa huu kwa wanawake wenye fistula. Upasuaji ulikuwa bure, lakini wanawake hawaji. Kumbe nauli! Kuanzia mwaka 2009, kwa kushirikiana na Vodacom, nauli ikawa inatumwa kwa M-PESA kwa balozi wa kujitolea aliyemwibua mgonjwa kijijini, naye anamkatia tiketi. Wanawake waliojificha, wengine wakiwa wamekimbiwa na waume, wakaanza kutokea. Somo lake ni kwamba bila nauli, hata upasuaji wa bure unabaki mbali.

Zamu yenu wawili

Serikali ina kazi yake: wataalamu, vyumba, dawa ya usingizi. Tuidai bila aibu. Lakini haya matano yako mikononi mwenu:

1. Semeni. Mwanaume, mkeo akijua una ngiri hatakudharau. Atakachokidhania ukinyamaza ni kibaya zaidi. Mwanamke, usimvizie wala usimcheke. Muulize mkiwa wawili, watoto wamelala.

2. Wekeni hela kabla ya bati. Pamba ikishauzwa, tengeni kwanza ya hospitali na nauli. Ulizeni bima inalipia nini. Na kumbukeni wakulima wote wanataka kupasuliwa kati ya Julai na Oktoba, kwa hiyo nendeni mkaandikishwe mapema.

3. Tulizeni presha na sukari kabla. Mgonjwa akipimwa presha iko juu asubuhi ya upasuaji, anarudishwa. Kliniki ianze wiki kadhaa nyuma.

4. Huruma ya uji muiache. Mke anamwonea mume huruma, anampa uji "kidogo tu" alfajiri. Upasuaji unaahirishwa! Chakula kikipanda wakati mtu kalazwa usingizi kinaweza kuingia kwenye mapafu. Fuateni masharti ya kufunga mliyopewa.

5. Mkishindwa kwenda, pigeni simu. Nafasi yenu iliyolala ingemtoa mtu mwingine kwenye foleni. Na ndugu wakichangia damu, kuna mama mwenye uvimbe wa kizazi ambaye hatasogezwa kwa kukosa chupa moja.

Baada ya upasuaji, magunia mwiko mpaka daktari aruhusu. Hapo Mama Kulwa atabeba zaidi kwa muda, watoto watachunga, shemeji ataitwa kusaidia. Ndiyo maana ya kuoana.

Ukifunga gazeti hili usiku wa leo, usimuulize mwenzio kampigia nani simu. Muulize, "Mwenzangu, unaumwa wapi ambapo hujaniambia?" Halafu nyamaza, umsikilize.